Mkunga Aliyesubiri Siku ya Nafasi

Kila asubuhi mkunga alikuwa wa kwanza kuamka nyumbani kwake. Aliwasha jiko, akabandika chai, akawaamsha watoto. Mumewe, ambaye ni seremala, alifungua karakana yake uani, na msumeno ukaanza kulia. Mkunga alivaa sare yake, akaenda zahanati kwa miguu.

Huko hakukuwa na kukaa. Alipima wajawazito, alizalisha, alichoma chanjo, alijaza kadi. Mara nyingi alikula amesimama. Wenzake walimtania, "Dada, hata siku ya kufa utasema, subirini nimalize foleni." Akirudi nyumbani, vyombo na nguo chafu vilikuwa vikimngoja.

Siku moja aliletwa mama kijana mwenye mimba kubwa. Uso wake ulikuwa umevimba. Alikuwa ameumwa kichwa kwa siku kadhaa, na macho yalikuwa yakiona ukungu. Alifika akiwa tayari ameshikwa na degedege. Mkunga na daktari walihangaika naye, wakampandisha gari kumpeleka hospitali kubwa. Hakufika. Mtoto naye hakupona.

Baada ya maziko, mama wa marehemu alikuja zahanati. Alikaa kwenye benchi mpaka foleni ikaisha.

"Mwanangu, sikuja kulaumu," alisema. "Nataka kujua tu. Kile kichwa kilichokuwa kikimuuma, ilikuwa dalili?"

Mkunga alikaa karibu naye. "Ndiyo, mama. Ilikuwa dalili ya kifafa cha mimba."

"Mimi nilimfunga kitambaa kichwani. Nikamwambia, lala, ni uchovu."

Yule mama alimgeukia mkunga.

"Mbona hatukuambiwa?"

Mkunga alitaka kusema kwamba huwa wanawaambia. Lakini alijua wanavyosema: haraka haraka, watu wamejaa, watoto wanalia.

"Andikeni, basi," yule mama alisema. "Tukasome nyumbani kwa utulivu. Mimi nimejifunza kusoma ukubwani. Nasoma polepole, lakini nasoma."

"Nitaandika, mama," mkunga alisema. "Nakuahidi."

Alinunua daftari siku hiyohiyo. Akaliweka juu ya kabati, akasubiri siku ya nafasi.

Siku ya mapumziko ilipofika, wageni walikuja. Iliyofuata, kitinda mimba wake alishikwa na homa. Mara moja tu alifanikiwa kukaa. Aliandika mstari mmoja, akaukata. Akaandika mwingine, akaukata pia. Mwishowe akachana karatasi kadhaa na kwenda kufua.

Miezi ilipita. Siku nyingine alikutana na yule mama njiani. Yule mama alimsalimia vizuri, hakumuuliza kitu. Mkunga aliitikia huku akitazama chini. Ahadi ni deni, na deni hilo lilikuwa likimla moyo.

Jirani yao alikuwa mwandishi wa habari mstaafu. Mtaa mzima ulimwita Mama Gazeti. Jumamosi moja alileta kiti chake kilichovunjika mguu kwa seremala. Alimkuta mkunga akiwasha moto kwa zile karatasi alizochana daftarini.

"Shoga, unachoma barua za nani?"

"Si barua. Ni kijitabu changu kilichogoma." Mkunga akamweleza yote, tangu kifo cha yule mama kijana mpaka ahadi. "Nasubiri likizo, dada. Nikitulia nitaandika."

"Utatulia lini?" Mama Gazeti aliuliza. "Mimi nimeandika nikiwa na watoto wanne, na mhariri akinipigia kelele mlangoni. Huo utulivu sikuwahi kuuona. Ningeusubiri, gazeti lingetoka tupu."

Aliichukua karatasi moja ambayo haijaungua, akaisoma kwa sauti. "'Ongezeko la shinikizo la damu katika kipindi cha ujauzito ni hali inayohitaji ufuatiliaji.' Huyu anayesema hapa ni nani?"

"Ni mimi."

"Wewe hujawahi kusema hivi tangu nikujue. Mtu akija kwako ana mimba na kichwa kinamuuma, unamwambiaje?"

"Namwambia, mama, kichwa kikiuma sana na hakiachi, usikae nyumbani. Njoo tukupime presha leo. Na ukiona uso umevimba au macho yana ukungu, ndiyo kabisa, usingoje."

"Hayo ndiyo ya kuandika."

"Hivihivi? Bila kusahihisha?"

"Utasahihisha baadaye. Unapochekecha unga, unachekecha. Unapokanda, unakanda. Ukitaka kufanya yote mawili kwa pamoja, watu watalala njaa. Andika kwanza mpaka mwisho, hata kama ni vibaya. Siku nyingine ndiyo unakata."

Mkunga alitikisa kichwa. "Na nafasi nitaitoa wapi?"

"Unapofua, kichwa chako kinafanya nini?"

"Kinafua."

"Basi kipe kazi yake. Asubuhi amua jambo moja tu. Tuseme leo ni dalili ya kutokwa damu. Liseme moyoni ukifua, liseme ukienda kazini. Mfikirie yule mama uliyemwahidi, kana kwamba unamwambia yeye. Ukija kukaa, maneno yameshajipanga. Hutahitaji siku nzima. Utahitaji muda wa kunywa chai."

Seremala alikuwa akisikia yote huku akipiga randa. "Chakula cha jioni niachie mimi," alisema.

"Wewe?" mkunga aliuliza. "Mara ya mwisho uliunguza hata maji."

"Nitajifunza, kama wewe unavyojifunza kuandika."

Mkunga alijaribu kwanza kuandika wakati wa mapumziko ya mchana kazini. Haikufaa. Kila alipofungua daftari, mlango uligongwa. Akamrudia Mama Gazeti amekata tamaa.

"Basi saa hiyo si yako," Mama Gazeti alisema. "Jaribu nyingine."

Alipata nyingine. Baada ya kumkabidhi mwenzake zamu, alipita chumba cha kuhifadhia mashuka, akafunga mlango na kuizima simu. Hapo aliandika kabla ya kwenda nyumbani. Mwanzoni mkono ulikuwa ukirudi nyuma kukata. Akaukataza. Siku zingine alipata ukurasa mzima, siku zingine nusu. Siku alizochoka kabisa hakupata kitu, na kesho yake aliendelea tu bila kujilaumu. Alijifunza pia kuacha kuandika wakati bado ana la kusema. Hivyo akirudi hakuanza kwa kutafuta maneno.

Daftari likajaa kabla likizo haijafika.

Ndipo kazi ya kusahihisha ikaanza. Mama Gazeti alikata maneno marefu. Daktari alihakikisha kila dalili na kila ushauri ni sahihi. Kisha mkunga akaichukua rasimu, akaenda nayo kwa mama wa marehemu.

"Mama, nimechelewa. Nisamehe. Naomba unisomee kwa sauti, nione wapi pagumu."

Yule mama alivaa miwani. Alisoma akifuata mistari kwa kidole. Alipokwama, mkunga alitia alama. Penye "shinikizo la damu" alikwama mara mbili, na mkunga akaandika "presha" juu yake.

Walifika kwenye ukurasa wa kichwa kuuma. Kidole kilisimama. Yule mama alivua miwani, akajifuta macho kwa upande wa kanga, akavaa tena miwani. Akasoma ukurasa ule wote mpaka mwisho.

"Hapa ongeza," alisema.

"Niongeze nini, mama?"

"Ongeza: msimwambie alale."

Mkunga aliandika maneno hayo chini ya ukurasa.

Zahanati ilitoa nakala za kutosha. Kila mjamzito alipewa moja pamoja na kadi yake, na wale wasiojua kusoma waliombwa wapate mtu wa kuwasomea.

Asubuhi moja, muda mrefu baadaye, mwanamume alifika zahanati akikokota baiskeli. Mkewe alikuwa amekaa nyuma, na mimba yake ilikuwa kubwa.

"Kichwa kinamuuma tangu jana jioni," mwanamume alisema. "Anasema anaona nyota mchana. Mama yangu alidhani ni jua kali. Mimi nikamsomea mama kijitabu, naye mwenyewe akasema, funga safari."

Mkunga alimpima yule mjamzito. Presha ilikuwa juu sana. Alimwita daktari. Walimpa dawa ya kuishusha na dawa ya kuzuia degedege, kisha gari likampeleka hospitali kubwa akiwa bado anaongea.

Siku mbili tatu hazikuleta habari. Mkunga alifanya kazi zake, lakini kila simu ilipolia aliikimbilia.

Kisha yule mwanamume akarudi na baiskeli yake. Alikuwa hajalala vizuri, shati lake limekunjamana. Mkunga alisimama mlangoni, akaogopa kuuliza.

"Ni msichana," mwanamume alisema. "Mdogo kama kiganja, lakini analia kuliko wote wodini. Mama yake ameshakula."

Mkunga aliegemea mwimo wa mlango. "Alhamdulillahi," alisema, na machozi yakamtoka mbele ya foleni nzima.

"Nimekuja kuomba kitu," mwanamume aliendelea. "Vile vijitabu, bado mnavyo? Dada yangu naye ni mjamzito, na anakaa mbali."

Mkunga aliingia ndani, akamletea viwili.