Mende Kwenye Kompyuta ya Happy

Kila siku akitoka shule, Happy alivua sare yake, akafunga kanga kiunoni na kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Alikuna nazi mbili kila siku, isipokuwa Jumapili. Kashata alizopika alizipanga kwenye sinia na kwenda kuziuza nje ya soko la Kilindoni. Alifanya hivyo kwa mwaka mmoja na miezi minne, mpaka harufu ya sukari iliyoungua ikawa haimtoki kwenye nywele. Alikuwa akitaka kitu kimoja tu: kompyuta mpakato yake mwenyewe, ya kuchezea gemu ya mbio za magari.

Mama yake, Clotilda, alikuwa muuguzi aliyehamishiwa Mafia kutoka Bukoba. Hakuipenda sana habari ya gemu, lakini alimwona binti yake akitoka jasho, akakubali kwa sharti moja.

"Hununui chochote mpaka Mwalimu Rabson akione," alisema. "Mimi na kompyuta hatujuani. Yeye ndiye anayezijua."

Mwalimu Rabson alifundisha kompyuta katika shule ya akina Happy. Siku Happy alipomwambia kwamba ana laki tatu na nusu, mwalimu alikuna kidevu.

"Kwa fedha hiyo, sahau taa za rangi na madoido," alisema. "Tafuta iliyotumika ofisini. Iwe na kumbukumbu ya kutosha, na feni yake ipulize vizuri, maana gemu huchemsha mashine. Icheze gemu hiyo nusu saa nzima hapohapo dukani kabla hujatoa senti. Na nisubiri. Nakwenda kijiji cha Kanga kusimamia mitihani, nitarudi baada ya wiki moja."

Wiki moja! Happy alisubiri siku mbili. Siku ya tatu alipita mbele ya duka la Mfaume, kijana aliyeuza chaja na makasha ya simu karibu na bandari. Ndani ya kabati la kioo aliiona kompyuta nyeusi, vibonye vyake vikiwaka taa nyekundu, na juu ya kifuniko imebandikwa picha ya simba mwenye macho ya moto.

"Shikamoo kaka Mfaume. Ile ni ya gemu?"

"Marahaba mdogo wangu. Ya gemu hasa! Ilikuwa ya mtalii aliyekuja kupiga mbizi hifadhini. Alipoondoka akaniachia mimi. Lakini kuna mtu wa Utende ataifuata kesho asubuhi."

Duka lilinukia manukato makali mpaka pua ikawasha. Happy hakujiuliza kwa nini. Aliiwasha kompyuta, akaona gari likikimbia kwenye skrini kwa dakika mbili, moyo ukamwenda mbio kuliko gari lenyewe. Alirudi nyumbani, akachukua fedha zote, akalipa.

Mama yake alikuwa zamu. Happy aliiweka kompyuta mezani, akaanza kucheza. Baada ya dakika kumi mashine ilichemka kama kikaango. Kisha harufu ikaja. Kwanza manukato, halafu chini ya manukato kitu kingine: uvundo wa pweza mkavu aliyelowa, uliochanganyika na harufu ya nywele zilizoungua. Happy alifunika pua.

Ndipo alipoona kitu chembamba kama uzi kikichezacheza kati ya vibonye viwili. Kikatokeza kichwa. Mende mdogo wa rangi ya kahawia alijikwamua, akapita juu ya kidole chake. Nyuma yake alitoka wa pili, kisha wa tatu, kisha kundi zima, wakikimbia joto.

Happy alipiga ukelele. Aliigeuza kompyuta na kuigonga juu ya meza. Vikadondoka vipande vya mbawa, miguu mikavu, vifuko vya mayai kama punje za kunde, na uchafu mweusi kama pilipili manga iliyosagwa. Alikimbilia uani, akatapika. Aliporudi, skrini ilikuwa imezimika.

Alinawa mikono mara nne, lakini bado alihisi miguu ile midogo ikitembea juu ya ngozi yake. Aliifunga kompyuta ndani ya gunia la mchele, akalirudisha dukani.

Mfaume alicheka. "Mende? Mende ni wa kwenu hao. Kompyuta yangu ilitoka hapa safi." Akanyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani: MALI IKISHAUZWA HAIRUDISHWI.

Happy alirudi na gunia lake. Angemwambia nini mama yake? Sharti lilikuwa moja tu, naye alikuwa amelivunja. Alilisukuma gunia chini ya kitanda, na siku zile hakulala vizuri kwa kuwaza kilichokuwa kikitembea chini yake.

Darasani alikaa na Arafa, msichana wa kisiwa cha Jibondo aliyeishi Kilindoni kwa shangazi yake ili asome. Siku moja Arafa alimnong'oneza kwa furaha, "Mama ameuza mwani. Ameniletea fedha ya kompyuta. Si nyingi, lakini nataka ya kusomea, na gemu iingie. Wewe uliyekuwa ukitafuta, unaijua yoyote?"

Happy alilikumbuka gunia chini ya kitanda. Kisha akajisikia akisema, "Ninayo moja. Naiuza."

Alasiri ile aliitoa kompyuta guniani. Aliziba pua kwa kanga, akaikung'uta, akafuta vibonye kwa pamba na spiriti. Alipoiwasha, ikawaka. Harufu ilikuwa palepale, kwa hiyo alichukua manukato ya mama yake na kuyapulizia kwenye matundu ya feni.

Jumamosi asubuhi Arafa alifika. Alikaa mezani, na kabla ya kugusa kibonye alifuta vidole vyake kwa makini kwenye ukaya aliojitanda kichwani, asije akaichafua.

"Inanukia kama nyumba ya arusi," alisema akicheka. "Ilitoka wapi?"

"Ilikuwa ya mtalii," Happy alijibu. "Alikuja kupiga mbizi..."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe. Yalikuwa yaleyale ya dukani, na hila ya manukato ni ileile. Kichefuchefu kilimpanda kooni kama siku ile, lakini safari hii hapakuwa na mende hata mmoja mezani. Alijiona mwenyewe, amesimama na tabasamu la Mfaume mdomoni, akajionea kinyaa.

"Arafa, usiiguse," alisema kwa sauti iliyokauka. "Ni mbovu. Ina mende ndani. Nilitapeliwa, nikataka nikuuzie wewe."

Arafa aliondoa mikono yake mezani polepole. Aliitazama kompyuta, halafu akamtazama Happy kwa jicho lilelile.

"Mama yangu anasimama majini tangu asubuhi mpaka miguu inaota magaga," alisema. "Mende hajui anachokifanya, Happy. Wewe ulijua." Akatoka bila kuaga.

Mama Clotilda aliporudi kutoka zamu alimkuta binti yake sakafuni amekumbatia magoti. Happy alimweleza yote, tangu sharti alilolivunja mpaka manukato aliyoyachukua. Mama alikaa kitandani, uso umemkunjamana.

"Mimi kazi yangu ni kuosha vidonda," alisema. "Usaha, damu, matapishi, vyote nimevishika kwa mikono hii na nikarudi nyumbani nikala. Hakuna kinachonichefua. Lakini hili la kumpulizia mwenzako manukato puani ili ule fedha ya mama yake, hili limenichefua. Simama. Tunaanza kwa Arafa, dukani baadaye."

Kwa Arafa, Happy aliomba radhi mbele ya shangazi mtu. Arafa alijibu neno moja tu: "Nimesikia."

Jumatatu Mwalimu Rabson alikuwa amerudi. Walikwenda dukani watatu. Wateja walikuwa wamejaa, wengine wakichagua chaja, wengine wakijaribu visikilizio. Mfaume alipoliona gunia alianza kunyoosha kidole kwenye karatasi yake, lakini Mama Clotilda alimwahi.

"Habari za kazi, mwanangu. Hatujaja kugombana. Tumekuja kuifungua tu, wote tuone."

Mwalimu alifungua skrubu na kunyanyua kifuniko cha chini juu ya meza ya kioo. Mende walitawanyika kila upande. Mmoja aliingia kwenye boksi la visikilizio, na mama mmoja aliyekuwa akijaribu kimoja sikioni alikirusha mbali huku akipiga yowe. Watu walirudi nyuma, wengine wakitema mate chini.

"Tazameni hapa," mwalimu alisema, akionyesha vyuma vilivyoota kutu ya kijani na chumvi nyeupe. "Hii ililowa maji ya bahari. Ikakaushwa, ikapakwa rangi, ikabandikwa simba."

"Na mimi nilinunua simu hapa juzi!" mtu mmoja alisema, akaitoa mfukoni na kuinusa.

Mfaume alitazama nyuso zile, akafungua droo. Alirudisha fedha yote. Mama Clotilda hakuondoka mpaka alipochukua kalamu ya wino mzito na kuandika juu ya macho ya simba: MBOVU, ILILOWA.

Jumamosi iliyofuata mwalimu aliwaita Happy na Arafa pamoja. Kwa fundi mmoja alikuwa amepata kompyuta ya kijivu iliyotumika ofisini, nene, isiyo na taa wala picha. Ilikuwa moja tu. Happy aliikagua chini mpaka juu, akaicheza gemu nusu saa nzima. Gari lilikimbia bila kukwama. Feni ilipuliza hewa safi. Aliitamani mpaka mate yakamjaa.

Kisha akaisukuma mbele ya Arafa.

"Betri haimalizi saa mbili, na bawaba hii imelegea," alisema. "Mengine yote ni mazima. Anza kununua wewe. Mimi nitasubiri."

Arafa aliichezesha bawaba ile kwa kidole. "Betri si kitu, nyumbani kuna umeme," alisema hatimaye. Kisha, kama mtu anayeogopa kutabasamu, "Njoo ucheze kwa shangazi, lakini usifikiri nitakuacha ushinde."

Kompyuta ya Happy ilikuja baada ya majuma matano, kwa boti kutoka Nyamisati, nene vilevile na mbaya vilevile kwa sura. Mama Clotilda alikaa kando yake akitazama gari likizunguka kona.

"Mwanangu," alisema, "ulikosa mara mbili. Kwanza uliacha ushauri wa mwalimu ukafuata taa, na hasara ikawa yako peke yako. Hilo ni kosa la mtoto, nimelisamehe siku ileile. La pili ni kutaka kumtwisha mwenzako hasara uliyotwishwa wewe. Ukitapeliwa tena maishani, na utatapeliwa, njoo useme. Utapeli uishie kwako. Usitoke mikononi mwako kwenda kwa mtu mwingine."

"Nimeelewa, mama," Happy alisema, akaizima gemu, akaenda kukuna nazi.