Posa na Watu wa Farasi

“Kirit, leo sema unanitaka basi. Mambo ya farasi yaache huko huko!”

“Lakini baba yako ndiye huanza, Atu.”

Atuganile alimtazama mchumba wake, mtoto wa Mhindi mwenye duka la baiskeli mjini Kyela, akatamani kulia. Kila akija Busale kuposa, posa inageuka historia. Na kesho Tuntufye, tajiri mpya wa Kasumulu aliyeneemeka tangu biashara iachiwe huru, analeta ng’ombe wake wa mahari.

Barazani, Mzee Anyisile hakuchelewa.

“Huo Uhindu wenu ulianzia wapi?”

“Tata, wapo wataalamu wanaosema watu wa farasi walitoka kaskazini, wakaingia India na nyimbo zao za ibada. Wengine wanabisha, wanasema dini ilichipuka pale pale.”

“Kwa hiyo hujui.”

“Hata wao hawajakubaliana.”

“Binti yangu nimpe mtu asiyejua katoka wapi?”

“Kwani machifu wenu si waliteremka kutoka milima ya Ukinga, wakawakuta watu hapa?”

“Tuliwaletea moto! Walikuwa wanakula vibichi!”

“Ehee! Na wale wa farasi nao husifiwa kwa moto, moto wa ibada!”

Jikoni, Atuganile aliuma meno. Mwanamume mzima, kaambiwa aseme neno moja tu! Alibeba sinia la chai kwa hasira. Hajafika barazani, pikapu ikafunga breki mbele ya nyumba.

“Kirit! Panda gari!” Alikuwa Mzee Mansukh, baba yake. “Mchumba nimekutafutia Mbeya, kwa watu wetu.”

“Bapuji, mke wangu yuko hapa.”

“Nimesema panda!”

Atuganile akatua sinia chini, akajitanda kanga usoni, akakimbilia nyuma ya migomba na kuchutama, mgongo kawapa.

Busale hata mtoto anajua: mwanamke humkimbia hivyo mwanamume mmoja tu, baba mkwe wake.

“Atuganile! Nani kakuoa wewe?” baba yake alifoka.

Hakujibu. Sauti yake mkwe haruhusiwi kuisikia.

Mzee Mansukh, aliyezeekea Kyela, aliijua vizuri mila hiyo. Akimsogelea binti wa watu, amemwaibisha. Akimpa kisogo, amemkubali awe mkwe. Mwishowe akaigeuzia migomba mgongo.

“Mama yangu alijitanda hivi hivi,” alisema taratibu. “Babu, mkwe wake, alikufa hajauona uso wake.”

“Kumbe hata ninyi?”

“Hata sisi.”

Mzee Anyisile akakuna kichwa. “Basi, Tuntufye abaki na ng’ombe wake. Mtoto keshaolewa huyu.”

Kanga ya Atuganile ililowa machozi ya furaha. Hatimaye!

Kirit akakohoa. “Sasa swali ni hili, wazee wangu. Desturi hii nani alimletea nani?”

“Sisi!” wazee wakajibu pamoja.

“Thubutu! Ninyi mmekuja juzi!”

“Juzi? Wewe uliyeshuka mlimani?”

Nyuma ya migomba, siafu walianza kumpanda Atuganile miguuni. Kutoka hawezi mpaka mkwe aondoke. Kupiga kelele hawezi, mkwe atasikia. Na mkwe ndiyo kwanza anavuta kigoda.