Pua Arobaini za Kalundu

Alhamisi, saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi, Donatien, mlinzi wa kibanda cha kupimia watu korona pale bandarini Kalundu, alikuta mlango uko wazi na kufuli limelala chini. Meza ilikuwa mahali pake, kiti mahali pake, hata dumu la maji ya kunawa mikono halikuguswa. Sanduku la buluu la barafu, lenye vichupa arobaini vya vipimo vilivyotolewa puani mwa watu arobaini, ndilo halikuwepo.

Habari ilifika majini kabla ya Donatien kumaliza kupiga kelele. Na tuseme ukweli, nusu ya Kalundu ilifurahi. Sanduku lile lilikuwa lipande gari saa nne kwenda maabara ya Bukavu, na kila mtu alijua kwamba wagonjwa wakitokea wengi, bandari itafungwa. Mara ya kwanza walifungiwa waliambiwa siku kumi na nne. Siku kumi na nne zile zilichukua miezi mitatu, basi tangu hapo mtu akikutajia siku kumi na nne Kalundu, unamwangalia vizuri usoni.

Saa moja na robo akafika Apollinarie, mpelelezi wa polisi, mwanamke mfupi wa miaka arobaini na moja, ambaye ukimwambia kumekucha anafungua dirisha kwanza. Mama yake, Émérance, aliuza samaki kwenye mchanga huu miaka ishirini na miwili. Miezi ile mitatu ikamaliza mtaji wake wote, akarudi kwa ndugu zake Katogota kulima mpunga. Kwa hiyo Apollinarie hakuhitaji kuelezwa bandari ikifungwa ni nini.

Kando ya mlango palikuwa na pipa la takataka lililojaa vichwa vya siku mbili vya mikebuka, wale samaki wa ziwani. Nzi walikuwa wanafanya sherehe. Apollinarie alibana maski yake kwa kiganja, machozi yakamtoka. Muuguzi wa kibanda, Gaspard, alikuwa amesimama palepale ubavuni mwa pipa, maski chini ya kidevu, anatafuna mkate na chai yake. Alipomwona akajifuta pua kwa leso. Leso ilikuwa na matone mawili ya damu.

"Vumbi ya hapa," alisema. "Shefu, kazi yako leo ni nyepesi. Angalia."

Akamwonyesha mtarimbo uliolala kwenye majani, ule ambao wabeba mizigo hufungulia makasha.

"Na Jumatatu," Gaspard akaendelea, "mkubwa wao Ildephonse alisema mbele ya watu wote, lile sanduku halitafika Bukavu. Weye unatafuta nini tena?"

"Natafuta majina ya waliopimwa."

"Ile ni siri ya wagonjwa. Tena daftari lilikuwa mu sanduku. Na usijichokeshe kuwauliza, wote watakataa. Juzi Jumanne walikuja mmoja mmoja, kwa kujificha. Wanaogopana."

Apollinarie akaandika neno kwa neno, kisha akamgeukia Donatien.

"Ulikuwa wapi?"

Donatien alitazama viatu vyake. "Nilienda kunywa chai kwa mama Consolée. Saa kumi na moja, mpaka kumi na mbili na robo."

"Kila siku?"

"Kila siku, shefu. Kila mutu anajua."

Ilikuwa saa na robo nzima bila mlinzi, na kila mtu anajua. Apollinarie akashusha pumzi.

Ildephonse alikuwa ameshakamatwa. Saa mbili na nusu alimkuta kasho, mahabusu ya polisi, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, mzee wa miaka hamsini na tano mwenye mabega mapana kama mlango.

"Papa Ildephonse, ulisema sanduku halitafika?"

"Nilisema. Mbele ya watu mia. Sasa muntu wa kuiba anatangazaga?"

"Mtarimbo ni wenu."

"Inalalaga inje, inarundikwa kwa ukuta. Hata weye ungeichukua." Akainamisha kichwa. "Binti ya Émérance, nisikilize. Minye siamini ile korona yao. Wakati mama yako alifunga meza yake, nani alikuja kumupima njaa? Lakini kuiba, hapana. Niko na watoto saba. Niwaambie nini kama nafungwa sababu ya makamasi?"

Apollinarie akaandika na hilo. Moyoni alitaka kumwamini, na kwa sababu hiyohiyo akamtilia shaka zaidi.

Kuanzia saa tatu mpaka saa sita kasorobo alitembea ufukweni, kutoka gati mpaka kwenye mchanga wa kuanikia dagaa, akiuliza swali moja: nani alipimwa Jumanne? Mama Consolée, rafiki wa zamani wa mama yake, alikuwa anageuza ndagala, dagaa wake, kwenye jua. Alicheka mpaka akakaa chini.

"Minye? Wanitie kijiti mu pua mpaka mu ubongo? Aka, mwanangu! Wanasema kile kijiti ndio kinaleta ugonjwa."

"Nani anasema?"

"Watu."

"Na kama walikupima kwa siri?"

"Kwa siri nani ataweza kushika hii pua yangu?"

Aliuliza watu sitini na mmoja. Mvuvi alikataa, mshona nyavu akakataa, mwenye kibanda cha simu akaapa kwa marehemu baba yake. Wengine walisema korona ni biashara ya wakubwa, wengine kwamba ukipimwa tu jina lako linapelekwa mbali, haijulikani wapi. Sitini na mmoja, na hakuna hata mmoja aliyepimwa! Apollinarie aliandika daftarini kwa hasira: *Wote wanadanganya.* Kwani Gaspard si alimwambia mapema?

Saa sita kamili daktari Achille, msimamizi wa upimaji, akasimama juu ya kreti kwenye gati. Alikuwa kijana mwembamba aliyechoka, na alisema polepole ili wote wasikie.

"Kwa wiki tatu vipimo vya Kalundu vimetoka safi, vyote. Lakini wiki hii nasikia watu wanakohoa. Bila vipimo siwezi kujua. Saa kumi jioni hii kama sina sanduku mkononi, bandari inafungwa. Siku kumi na nne."

Ukapita mguno mrefu. Mtu akapiga kelele kwamba Ildephonse asipotoka na bandari ikifungwa, kile kibanda kitageuka kuni. Waliocheka asubuhi walikuwa hawacheki tena.

Apollinarie alimvuta daktari pembeni.

"Dokta, hakuna nakala ya majina?"

"Iko. Gaspard alinitumia picha ya orodha mu simu Jumanne jioni. Lakini ni siri."

"Saa kumi siri yako itafunga bandari."

Achille alitafuna mdomo, kisha akampa simu. Apollinarie akashuka na kidole. Namba saba, Ildephonse. Namba kumi na nane, Consolée. Namba kumi na tisa, Émérance, muuza samaki.

Alisoma mara mbili. Kisha mara ya tatu. Halafu, kwa kuwa ni Apollinarie, akamshuku hata mama yake mzazi. Akampigia.

"Mama, Jumanne ulikuwa Kalundu?"

"Kalundu? Minye Jumanne niko mu mpunga, maji ya magoti. Sijakanyaga huko tangu mwaka jana. Kuna nini? Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Jina lako limeandikwa hapa. Namba kumi na tisa."

Mama yake akasema, kwa sauti ya mtu anayekumbuka jua lililomchoma, "Kumi na tisa ni namba yangu ya neti ya mbu. Kabla ya bandari kufungwa ile mara ya kwanza. Tulipanga mstari tangu asubuhi, Consolée kumi na nane mbele yangu, anasema tu, anasema tu, hanyamazi. Ule muuguzi wa pua ndefu ndiye alikuwa anaandika. Gaspard."

Apollinarie alikaa kwenye kamba ya meli. Alijisikia vibaya, tena vibaya sana. Watu sitini na mmoja walikuwa wamemwambia ukweli, mmoja baada ya mwingine, na yeye amewaita waongo kwa sababu mtu mmoja alimtangulia kumwambia watadanganya. Hakuna aliyepimwa. Gaspard alinakili orodha ya neti, na huyo namba kumi na tisa aliyehama hakumkumbuka.

Lakini hapo palikuwa na jambo lisiloingia akilini. Kama vichupa ni vya uongo, si majibu yangetoka safi kama wiki zile tatu? Bandari ingebaki wazi na Gaspard angesifiwa. Mwizi gani anaiba bahati yake mwenyewe? Labda alikuwa anajua kwamba safari hii hayatatoka safi. Angejuaje? Apollinarie akaikumbuka leso. Akalikumbuka pipa, na mkate uliokuwa unaliwa pale bila haraka.

Akainuka kwenda kwa mama Consolée kuazima bakuli yenye mfuniko.

Saa tisa na nusu watu walikuwa wamejaa mbele ya kibanda. Apollinarie aliomba Ildephonse aletwe kutoka kasho. Daktari Achille alikuwa anaangalia saa kila dakika. Gaspard alisimama mlangoni, uso unang'aa jasho.

"Ndugu Gaspard," alisema Apollinarie, "tangu asubuhi umekula mkate tu. Mama Consolée amekupikia samaki."

Akaweka bakuli juu ya meza, akafunua mfuniko, akarudi nyuma hatua nne na maski yake imebanwa. Mstari wa mbele ulirudi nao. Mtu akatema mate. Mtoto mmoja akaanza kulia. Gaspard aliinama juu ya bakuli, akaona mchuzi mwekundu wa mawese na jicho la samaki, akatabasamu.

"Asante, mama," alisema. "Inanukia vizuri."

Daktari Achille ndiye aliyeelewa wa kwanza. Alijishika kichwa.

"Gaspard," alisema, "hiyo ni vichwa vya pipa. Imeoza."

"Tangu lini hausikii harufu?" akauliza Apollinarie.

Gaspard aliangalia bakuli, kisha watu, kisha bakuli tena.

"Jana jioni," alisema.

"Na mama yangu, uliyemwandika kumi na tisa, ulimpima wapi? Yeye yuko Katogota mwaka mzima sasa. Ulichukua orodha ya neti. Hukupima hata mtu mmoja. Zile pua arobaini ni za nani?"

Sasa maneno yalimtoka Gaspard yote kwa pamoja.

"Zangu. Zote ni zangu. Mungu anisamehe! Dokta, ulisema vipimo arobaini kila wiki, bila hivyo kibanda kinafungwa na kazi inaisha. Wiki ya kwanza walikuja watu watatu, wakaona kijiti, wakakimbia. Watatu! Wengine walinirushia mawe. Mama mmoja alinimwagia maji ya samaki. Na maji matupu siwezi kuweka, ile mashine ya Bukavu inajua kama mu kichupa hakuna mutu. Basi nikajifungia, nikatumia pua yangu. Wiki tatu ilikuwa safi, kila mutu akafurahi. Jana nikapika mikebuka, sisikii kitu. Nikaweka pilipili, sisikii kitu. Na homa. Nikajua vyote arobaini vitatoka na ugonjwa, na bandari itafungwa sababu yangu. Nikasema heri sanduku lipotee. Sikujua dokta atafunga hata bila majibu."

"Na mtarimbo?"

"Niliuchukua inje ya ukuta wao, wakati Donatien iko kwa chai. Vichupa nilivitupa mu choo, sanduku nikalificha nyuma yake."

"Na minye?" Ildephonse akasema kwa upole uliotisha kuliko kelele. "Minye ungeniacha mu kasho?"

Gaspard alianza kulia. Kila mtu alielewa.

Ndipo kelele zikapanda. "Tulisema! Korona ni uongo!" Wengine wakaimba. Daktari Achille aliketi kwenye kreti.

"Wiki tatu," alisema, "Kalundu yote ilikuwa pua moja."

"Si uongo!" Apollinarie akapaza sauti, naye alikuwa amekasirika kweli sasa, amewakasirikia wote pamoja. "Huyu mtu anaumwa mbele yenu na hamtaki kumwona! Yeye ni mwongo, ugonjwa wake si mwongo. Mkitaka kumshika, mshikeni, kesho mtaniambia."

Waliokuwa wamemshika shati Gaspard wakaachia haraka. Achille alitazama saa.

"Saa kumi kasoro dakika kumi. Siwezi kuiacha wazi kwa macho yaliyofungwa. Nikipata vipimo arobaini vya kweli, gari litaondoka leo na nitangojea majibu. Bila hivyo nafunga."

Hakuna aliyesogea. Mama Consolée aliitazama pua yake mwenyewe kwa macho yaliyopinda. Kila mtu alimwangalia mwenzake, mwenzake akaangalia ziwa.

Ildephonse akamwendea Gaspard, akasimama mbali kidogo.

"Hebu niambie ukweli, safari hii tu. Kile kijiti ulijitia mara ngapi?"

"Arobaini," alisema Gaspard. "Kila wiki."

"Arobaini. Wiki nne." Ildephonse alihesabu kwa vidole, akaacha. "Mara mia moja sitini, na bado umesimama?"

Kicheko kilianzia kwa wabeba mizigo, kikaenda mpaka kwa wanawake wa ndagala. Hata Donatien alicheka. Ildephonse peke yake hakucheka. Alivuta kiti, akakaa, akainua kidevu.

"Dokta, njoo weye mwenyewe. Lakini sikilizeni. Jina langu naandika minye kwa mukono wangu. Na lile sanduku litaenda Bukavu na vijana wangu wawili wamekaa juu yake, sababu siamini mutu hapa. Hata weye binti ya Émérance, siku ya leo sikuamini."

"Una haki," alisema Apollinarie. Ilimuuma, akaimeza.

Nyuma ya kiti mama Consolée alikuwa ameshasimama, ananung'unika kwamba safari hii hataki namba kumi na nane. Mstari ukaanza kujipanga nyuma yake.

Achille alivaa glovu. "Papa Ildephonse," alisema, "ni lazima nikwambie. Majibu yanaweza kutoka mabaya. Na yakitoka mabaya, nitafunga kweli."

Ildephonse alifumba macho, akashika kingo za kiti kwa mikono yote miwili.

"Yakitoka mabaya," alisema, "yatakuwa yetu. Pima."