Gari-Nyumba la Madame Doreen

Kila Jumamosi asubuhi, baada ya chai na mkate, Fortunée alikuwa na kazi ambayo hakuna rafiki yake hata mmoja shuleni aliyekuwa nayo. Aliketi na baba yake kwenye meza ya jikoni, katika nyumba waliyopanga Erdington, mjini Birmingham, akatandaza gazeti la matangazo na kushika kalamu nyekundu. Alisoma tangazo kimoyomoyo kwa Kiingereza, kisha akamweleza baba yake kwa Kiswahili. Baba akikubali, Fortunée alilizungushia duara. Baba akitikisa kichwa, waliendelea na jingine.

Walikuwa wakitafuta gari-nyumba, yaani gari kubwa lenye vitanda, meza na jiko ndani yake, ambalo familia inaweza kusafiri nalo na kulala humo humo. Jipya hawakuliweza, kwa hiyo walitafuta lililokwisha kutumika. Baadhi ya watu kanisani walicheka waliposikia habari hiyo. Walidhani baba yake, Papa Léopold, anataka kuishi kama mtalii. Lakini yeye alikuwa na sababu yake. Miaka mitatu nyuma, mwaka 2003, walipofika Uingereza kutoka Bukavu, ndugu zao walipelekwa kila mmoja mji wake. Dada yake aliwekwa Norwich, binamu yake Glasgow. Kila walipotembeleana, watu tisa walilala katika sebule moja, wengine chini ya meza. Na sasa, mwezi wa nane, binti wa dada yake alikuwa anaolewa huko Norwich.

"Mwaka huu sitalala tena na miguu ya mtu usoni," mkewe, Mama Rosalie, alikuwa amesema, na maneno hayo yalimaliza mjadala nyumbani.

Papa Léopold aliyajua magari vizuri. Kwa miaka kumi na mmoja aliendesha malori kati ya Bukavu na Uvira, na aliweza kusikia ugonjwa wa injini kabla haijazimika. Kiingereza ndicho kilichomshinda. Kiwandani alifanya kazi na watu waliosema Kilingala na Kifaransa, akirudi nyumbani alisema Kiswahili. Kwa hiyo Fortunée, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, ndiye aliyewapigia simu wauzaji, na ndiye aliyesimama kati yao na baba yake.

Gari la kwanza lilikuwa mtaa wa Saltley, katika uwanja mdogo nyuma ya karakana. Muuzaji alivaa koti la ngozi na alikuwa na haraka. Ndani ya gari alikuwa amepulizia manukato mengi mpaka macho ya Fortunée yakawasha.

"Mwambie baba yako kuna mtu mwingine anakuja saa sita kulichukua," alisema.

Fortunée akatafsiri. Papa Léopold alilisogelea gari. Alifungua boneti, akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa.

"Muulize kwa nini injini ina moto. Kwenye simu tulimwomba asiiwashe mpaka tufike."

Yule mtu alicheka, akasema alikuwa akiipasha tu kwa sababu ya baridi. Fortunée akamwomba kadi ya gari. Jina lililoandikwa halikuwa lake. Akasema ni la binamu yake, na binamu amesafiri, na simu ya binamu haipatikani. Fortunée alimweleza baba yake yote, neno kwa neno, hata pale muuzaji alipokunja uso na kumwambia aache maswali. Papa Léopold akamshukuru mtu huyo kwa upole, wakaondoka.

"Leo umetuokoa," baba alimwambia walipokuwa wakingoja basi. Fortunée alifurahi njia nzima.

Lakini wiki zilipita. Waliona gari la pili, lililokuwa na kutu, na la tatu, ambalo breki zake zilipiga kelele. La nne lilikuwa zuri, ila liliuzwa wakiwa bado njiani. Fortunée alianza kuchoka. Zaidi ya hayo, alikuwa amekwisha kutangaza shuleni kwamba wana gari-nyumba. Hakusema wanatafuta. Alisema wanalo. Rafiki yake Bhavini, ambaye familia yake ilikwenda pwani ya Wales kila kiangazi, alimuuliza kila Jumatatu ni la rangi gani, naye Fortunée akabadilisha mazungumzo.

Gari la tano lilikuwa la mjane aitwaye Doreen, aliyekaa mitaa michache tu kutoka kwao. Papa Léopold alimwita Madame Doreen tangu mwanzo, naye alilipenda jina hilo. Gari lilikuwa la rangi ya maziwa, lenye mstari wa kahawia ubavuni. Mapazia yake alikuwa ameyashona mwenyewe. Nyuma kulikuwa na kitanda kipana chini ya dirisha dogo la kwenye paa, na Fortunée alipolala chali kukijaribu, aliona mawingu yakipita.

"Mume wangu alilipenda sana gari hili," Madame Doreen alimwambia. "Alilitunza kama mtoto."

Nje, Papa Léopold alikuwa ameinamia injini. Uso wake uling'aa kuliko siku zote.

Wakati huo Madame Doreen alimwita Fortunée mlangoni. "Kuna jambo moja lazima baba yako alijue," alisema. "Mvua ikinyesha kwa muda mrefu, maji yanaingia pembeni mwa lile dirisha la paa, juu ya kitanda cha nyuma. Mume wangu alikusudia kulitengeneza, akaugua. Mwambie aliangalie vizuri kabla hajaamua."

Papa Léopold aliinua kichwa. "Anasema nini?"

Fortunée alimtazama baba yake, halafu akalitazama lile gari lenye mapazia ya maua. Aliwaza kuhusu Jumatatu. Aliwaza kuhusu gazeti, kalamu nyekundu, na gari la sita, la saba na la nane.

"Anasema mume wake alilipenda sana," alijibu. "Alilitunza kama mtoto."

Maneno hayo yalikuwa ya kweli. Madame Doreen alikuwa ameyasema muda mfupi tu uliopita. Ndiyo maana yalitoka kwa urahisi.

Papa Léopold alitabasamu, akampa Madame Doreen mkono. Alimwachia pauni mia moja ili asimuuzie mtu mwingine, wakakubaliana kulichukua gari wiki mbili baadaye. Madame Doreen alionekana kushangaa kidogo, kana kwamba alitarajia swali fulani. Lakini hakulisikia swali hilo, naye hakusema zaidi.

Jumatatu Fortunée aliweza kumjibu Bhavini kwamba gari lao ni la rangi ya maziwa na lina mapazia ya maua. Alikuwa ameingojea siku hiyo kwa wiki nyingi. Ajabu ni kwamba haikumpa raha. Mchana mvua ikaanza kunyesha, na katika somo la hesabu hakuyaona maswali ubaoni. Aliona maji yakishuka kwenye kioo cha dirisha la darasa.

Aliporudi nyumbani alimkuta mama yake akishona mashuka ya gari. Mdogo wake Lionel, mwenye miaka minane, alikuwa amelala juu ya kitambaa akipimwa urefu.

"Lionel atalala kile kitanda cha nyuma," Mama Rosalie alisema. "Dirisha liko juu yake, atapata hewa nzuri kwa kifua chake."

Fortunée aliketi. Lionel alikuwa na pumu. Nyumba yao ya kwanza, kule Winson Green, ilikuwa na unyevu mwingi. Ukungu mweusi uliota ukutani nyuma ya kitanda chake, hata walipoufuta ulirudi. Mwaka huo Lionel alilazwa hospitalini mara tatu. Fortunée mwenyewe ndiye aliyekuwa ametafsiri maneno ya daktari: mtoto huyu asilale tena mahali penye unyevu.

Jioni ile hakula.

Siku iliyofuata Papa Léopold alikuwa ameketi kwenye ngazi akifunga kamba za buti ili aende zamu ya jioni. Fortunée alisimama mbele yake, bado amevaa sare ya shule.

"Papa, kuna neno Madame Doreen alilisema na mimi sikukupa."

Baba aliacha kamba. "Nipe sasa. Lote, kama alivyolisema yeye."

Akampa lote. Alimweleza habari za mvua, dirisha la paa, kitanda cha nyuma na ugonjwa wa yule mume. Chumbani cherehani ya mama iliendelea kulia.

"Kwa nini ulilificha?"

"Niliogopa utakataa. Nilikuwa nimechoka kutafuta. Na shuleni nilikwisha kuwaambia kwamba tunalo."

Papa Léopold alizirudia kamba za buti, akazivuta polepole. Fortunée angeona afadhali agombezwe.

"Lionel angelala pale," baba alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Najua, Papa. Ndiyo maana nimekuja."

Baba alimaliza kufunga kamba, akasimama, akamwekea mkono begani. "Umekosa, na umekuja kusema mwenyewe. Yote mawili nimeyaona. Jumamosi tutarudi kwa Madame Doreen, na wewe ndiwe utakayemweleza."

Jumamosi walikwenda na jirani yao, Mzee Tarsem. Mzee huyo alizaliwa Nakuru, akaja Birmingham akiwa kijana, na kwa miaka mingi alitengeneza mabodi ya mabasi. Kiswahili chake cha Kenya kilikuwa kimezeeka pamoja naye, lakini kilikuwa bado imara.

Madame Doreen alifungua mlango. Fortunée alimweleza kwa Kiingereza, akiangalia kwanza zulia, kisha akajikaza kumwangalia machoni. Alisema ujumbe haukumfikia baba yake, na kwamba kosa halikuwa la baba bali lake yeye.

"Nilijiuliza kwa nini hakuuliza kitu," Madame Doreen alisema. "Wiki nzima nilikuwa na wasiwasi." Mara moja alikwenda kwenye droo, akaleta zile pauni mia na kuziweka mezani. "Mwambie baba yako halazimiki kulinunua."

Safari hii Fortunée alitafsiri kila neno. Papa Léopold hakuzigusa pesa. Alimwomba Mzee Tarsem aliangalie paa kwanza.

Mzee Tarsem alipanda polepole. Alibonyeza mbao za dari kwa kidole gumba, akagonga hapa na pale, akasikiliza. Pembeni mwa dirisha aliingiza ncha ya bisibisi, nayo ikazama kama kwenye mkate.

"Hapa pamekwisha," alisema, akionyesha mahali penye ukubwa wa sinia. "Kwingine kote ni kuzima. Mpira wa dirisha umekauka, ndio unaopitisha maji. Lakini ndugu yangu Léopold, kama ungekaa bila kujua, kufikia Krismasi dari yote ya nyuma ingeoza, na godoro lingekuwa bwawa."

"Linatengenezeka?"

"Jumamosi mbili, ukinipa chai."

Madame Doreen alipoelezwa, alipunguza bei kiasi cha kutosha kununua mbao na mpira mpya, akasema chai itatoka jikoni kwake. Walipeana mikono upya, na safari hii kila mmoja alijua anachokubali.

Kwa Jumamosi mbili walifanya kazi pale uani kwa Madame Doreen. Walikata ubao uliooza, wakatia mpya, wakabadilisha mpira na kuziba kingo kwa gundi. Fortunée alikuwa akimpa Mzee Tarsem vifaa na kufagia vumbi. Siku ya mwisho Madame Doreen alilimwagia paa maji kwa mpira wa bustani nusu saa nzima, huku Fortunée amelala chali kitandani akichunguza dari. Halikudondoka hata tone.

Papa Léopold akaja kuketi kando yake.

"Mwanangu, tangu tufike nchi hii umekuwa ukisema kwa niaba yangu. Kwa daktari, benki, hata kwa walimu wako mwenyewe. Huo ni mzigo mkubwa kwa mtoto, na nimekubebesha kwa sababu ilikuwa rahisi kwangu. Mwezi wa tisa naanza darasa la Kiingereza, nimekwisha kujiandikisha. Lakini mpaka nitakapojua, ushike jambo moja. Kuamua ni kazi yangu. Kazi yako ni kunipa maneno yote, hata yale usiyoyapenda. Ukibakiza moja tu, nitaamua vibaya huku nikidhani nimeamua vizuri, na watakaoumia ni watu tunaowapenda. Kusema ukweli nusu ni kudanganya pia."

"Nimeelewa, Papa," Fortunée alisema. Na kweli alikuwa ameelewa.

Mwezi wa nane walisafiri hadi Norwich, wakaegesha gari-nyumba katika uwanja wa wageni wenye nyasi fupi. Usiku mvua ilinyesha. Asubuhi Lionel alitoka kwenye kitanda cha nyuma akiwa mkavu, anapumua vizuri, na anadai mayai. Wakati Mama Rosalie akiyakaanga, Lionel alichukua mpira wake na kukimbilia nje. Hakupiga hata mara tatu, msimamizi wa uwanja akaja na daftari lake, akazungumza na Papa Léopold kwa Kiingereza cha haraka.

Papa Léopold alimgeukia Fortunée. Nyuma yake, Lionel aliukumbatia mpira na kumtazama dada yake kwa macho ya kuomba.

"Anasema tumekaribishwa," Fortunée alianza, na Lionel akaanza kutabasamu. "Anasema pia kucheza mpira karibu na magari ni marufuku, uwanja wa kuchezea uko kule mbele, na watoto wote wawe ndani saa mbili usiku. Hata mimi."

Baba akacheka, akamshukuru yule msimamizi kwa maneno mawili ya Kiingereza aliyoyatamka vizuri kabisa. Kisha akamshika Lionel mkono, wakaenda wote watatu kuutafuta ule uwanja wa kuchezea.