Mkono wa Tatu Dukani kwa Khairat

Alhamisi moja jioni, kioo cha kompyuta kilionyesha mikono mitatu, na Khairat alikuwa peke yake dukani.

Huyu Khairat ndiye mchoraji hina anayetafutwa Voi nzima, na wanaomwonea wivu wanalijua hilo kuliko mimi. Kaka yake, Zubair, alikuwa amemletea kutoka Mombasa kompyuta mpya isiyoguswa, haina kibodi wala mausi. Unasimama mbele yake unaiita kwa vidole, kiganja chini, kama unavyomwita mtu aliye ng'ambo ya barabara, na maua yanatokea bibi harusi achague. Ukimaliza unayasukuma hewani, yanaondoka. Kila mkono inaouona inauchorea kivuli cheupe pale kiooni.

Sasa sikia kosa lake. Kama kila Alhamisi, alikuwa amefukiza udi. Moshi umejaa duka, jua linazama, naye amesimama katikati anaita, anaita, hewa tupu. Mamake alimkanya tangu utotoni kwamba udi ukiwaka huiti kwa mkono bila kutaja jina la unayemwita. Yeye akaona kompyuta si mtu.

Kivuli cha tatu kilikuwa na vidole virefu, vyembamba. Kila alipoyasukuma maua, chenyewe kiliyarudisha. Akazima umeme. Kioo kikawa cheusi, lakini kitu baridi kikabaki kimemshika kiganja, na duka likanuka nywele zilizoungua.

Kuanzia siku hiyo mkono wake wa kulia ukakataa kazi. Akitaka ua, unachora mambo yake. Mteja mmoja, Lois wa Mbololo, alichorwa kitu akakisugua kwa mchanga mpaka damu ikatoka, na bado hakikufutika. Wateja wakahama. Na bila mkono ule, Khairat atakula nini?

Zubair akamleta Mwalimu Abdulghani wa Maungu, mtoaji majini, mzee mpole. Wakafunga mlango, akasoma mpaka sauti ikakauka.

"Jini anasema hakujileta," mwalimu akanong'ona. "Aliitwa. Na hatoki mpaka aitiwe mwingine."

"Mwingine nani, mwalimu?" Khairat akauliza.

"Hatumpi mtu, mwanangu. Msukume kwa mkono uleule. Mwambie nenda."

Mwalimu akarudi kusoma, Khairat akauinua, na Zubair anaapa aliuona ukifunguka kama wa kusukuma, halafu kiganja kikageuka chini polepole na vidole vikamwita mwalimu, mara moja, mara ya pili, na yule mzee akakatiza aya, akafunga msahafu, akatembea kama mtoto aliyeitwa na mamake mpaka mbele ya kioo, pasipokuwa na mtu, akanyoosha mkono wake wa kulia, na kitu kikaupokea.

Khairat husema mkono ulikwenda wenyewe. Huenda. Siku hizi anachora tena, maua safi kabisa, na ukimwuliza habari za mwalimu anainama kwenye hina yake.

Kule Maungu, Mwalimu Abdulghani anasalimia watu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameufunga ubavuni kwa kitambaa, na wanaokaa karibu naye msikitini wanasema chini ya kanzu vidole haviachi kuita.