Klorini kwenye Mwasumini wa Bibi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Samia alimwagilia mwasumini wa Bibi uani. Kazi hiyo alipewa na Bibi mwenyewe, kabla hajafariki. Kwao ni Al-Baghdadiyah, Jeddah, na joto la huko halina mchezo. Ukisahau kidogo tu, majani yanalala.

Siku moja alifukua udongo akaona nyuzi nyeupe zimezunguka mizizi. Ukungu! Jeddah ukungu unaota mpaka ukutani, na Bibi alikuwa hana huruma nao. "Ukiuona, klorini!" ndivyo alivyomfundisha walipokuwa wakisugua bafu. Basi Samia akabeba chupa ya bafuni, akamimina yote. Akaenda shule anafurahi.

Wiki haikuisha, majani yakapukutika. Baba yake, Mselem, tangu amzike Bibi, mama yake mzazi, alikuwa akikaa chini ya mti ule kila jioni. Sasa alikaa mbele ya vijiti vikavu, anafuta machozi. Samia alimwona. Akanyamaza.

Shangazi Lina akaja kutoka Riyadh kwa hitima ya arobaini. Yeye kazi yake ni udongo. Anatafuta kuvu, viumbe vidogo sana, zile zinazosaidia mizizi kunywa maji, halafu anachora kwenye ramani aina gani inaishi wapi.

"Kaka, mti huu ulistahimili chumvi ya hapa miaka yote," alisema, akichota udongo. "Kuna kitu kilikuwa kinausaidia. Nataka mama awe na nukta yake kwenye ramani."

Baadaye akapiga simu kutoka Riyadh, Baba akaiweka spika. "Kaka, mafi. Hakuna kuvu hata moja. Nitaandika kwamba udongo ule ni mtupu."

"Mtupu?" Sauti ya Baba ikakatika. "Basi ni mimi nimeshindwa kuutunza."

Hapo Samia akashindwa kuvumilia. "Si wewe, Baba. Ni mimi. Niliona nyuzi nyeupe, nikatia klorini."

"Klorini! We Samia!" Shangazi alipiga kelele kwenye simu. "Hata mimi ningemiminiwa ningekufa!" Kisha akashusha sauti. "Pengine nyuzi zile ndizo zilizokuwa zikiusaidia. Sitajua tena. Lakini afadhali umesema. Ningechora uongo, na watu wangeuamini."

"Mbona ulinyamaza?" Baba aliuliza.

"Nilikuona unalia."

Ijumaa Baba akampeleka mtaa wa Al-Hindawiyah kwa Bi Hana, rafiki wa Bibi, aliyewahi kupewa chipukizi la mti ule pamoja na bonge la udongo wake. Udongo wakampelekea Shangazi. Kuvu akazikuta, aina kadhaa, akatia nukta yake hapo Al-Hindawiyah. Bi Hana akawapa chipukizi jipya. Nyumbani wakachimba udongo wote wa klorini, wakautupa, wakapanda.

"Usichokijua, uliza kwanza," Baba alimwambia. "Na ukikosea, sema siku hiyohiyo. Mimi nimebeba kosa lako kifuani muda wote huu, nikidhani ni langu. Na ule mti wa Bibi ndiyo halas, haurudi."

Samia akaumwagilia mti mpya. Ulikuwa na majani machache tu, wala haukunukia kitu.