Farasi wa Mwisho Alitajwa Mara Nne

Saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, Jumamosi, simu ya Ezéchiel ililia juu ya meza ya jikoni, katika mtaa wa Rosettenville. Mwenyewe alikuwa bafuni. Mkewe, Hedwiga, akafungua ujumbe wa sauti. Mwanamke alitamka neno moja polepole, "Kyaghanda," kisha akacheka.

Ulikuwa ujumbe wa tisa wiki hiyo kutoka kwa Carmel, mwenye farasi wa jina hilo.

Ezéchiel alikuwa Mkongomani, mtangazaji wa mbio za farasi. Jina likimshinda, humpigia mwenye farasi mara moja tu, akaliandika daftarini silabi kwa silabi. Majina yenye sauti za kugonga ulimi, kama q ya Kixhosa, alifundishwa na Hedwiga, ambaye baba yake ni Mxhosa aliyerudi kutoka uhamishoni Morogoro na mke Mtanzania. Ndivyo walivyojuana. Kwa miaka tisa, kila asubuhi ya mbio Hedwiga alimsomea orodha, naye akarudia.

"Jina moja, simu moja," Hedwiga alimwambia mumewe alipotoka bafuni. "Huyu mbona tisa?"

"Ni Kinande, chérie. Ile gh inanikwama mu koo."

"Q yangu uliishika kwa siku moja."

"Eish, mama. Sasa unamwonea wivu farasi?"

"Farasi hacheki."

Ezéchiel akaondoka bila kusomewa orodha. Daftari likabaki mezani.

Hedwiga alijiambia kwamba anampelekea daftari, basi. Saa tisa alasiri alikuwa jukwaani kwenye uwanja wa mbio wa Turffontein, nalo likiwa mkobani. Alimtambua Carmel kwa picha yake ya WhatsApp: alisimama kwenye uzio wa wenye farasi, gauni la kijani, miwani kichwani.

Mbio za sita zilikuwa na farasi kumi na mmoja. Katika mita mia nne za mwisho mtangazaji hutaja walio mbele. Wa mkiani hana anayemuulizia. Kyaghanda alikuwa wa kumi na moja. Ezéchiel alimtaja mara nne, gh imenyooka kama ya mzaliwa wa Butembo, kwa Wanande. Mshindi akavuka mstari bila kutajwa.

Jukwaani watu waliulizana nani ameshinda. Mzee mmoja akasema jamaa leo kalewa. Carmel hakuuliza kitu. Alikuwa ameinua uso kuelekea chumba cha mtangazaji, anatabasamu.

Hedwiga akamwandikia mumewe ujumbe: "Nani kashinda?"

"Namba saba."

"Jina lake?"

Tiki mbili zikageuka buluu. Baada ya dakika nne simu ikaita.

"Hedwiga, uko hapa?"

"Nimekuletea daftari. Tangu lini, Ezé?"

"Mwezi wa tano."

"Na lile jina lake, ulilishika lini?"

"Siku ya kwanza."

Hedwiga akakata simu. Alitafuta namba saba kwenye karatasi ya mbio, akafungua daftari na kuandika jina la mshindi silabi kwa silabi: Qha-we-ka-zi. Chini ya q akapiga mstari, kama alivyofanya miaka yote.

Langoni alimkabidhi mlinzi daftari.

"Mpe mtangazaji. Mwambie jina lililo humo ndilo la mwisho kutoka kwangu."

Saa tisa na dakika arobaini, mlinzi akatia sahihi kwamba amelipokea.